Githeri Si Kichekesho: Siasa Iliyo Ndani ya Sufuria Yetu

Wasee, mnakumbuka Agosti 2017? Foleni ya kura huko Eastlands, watu wamepangana kama magunia, na jamaa mmoja amesimama pale katikati akijilia githeri kutoka kwa karatasi ya plastiki. Hakuwa anahutubia mtu. Hakuwa na bango. Alikuwa na njaa, foleni ilikuwa ndefu, basi. Mtu akampiga picha, picha ikaingia mtandaoni, na kabla matokeo hayajatangazwa nchi nzima ilikuwa imembatiza Githeri Man. Vijana wakamkata wakambandika kila mahali ambapo mtu wa foleni hafiki: kando ya marais, kwenye zulia jekundu, kwenye mabango ya sinema. Kampuni nazo zikakuja na zawadi. Kabla mwaka uishe, Rais akamtunuku nishani ya serikali.

Sasa angalia vile huo mwezi uliendelea. Tarehe 28 Agosti, siku 20 tu baada ya ile kura, Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Ukishikwa ukiiuza ama kuitengeneza, ungeweza kulipa faini hadi milioni 4 ama kwenda jela hadi miaka 4. Kumaanisha ule mfuko uliomfanya jamaa awe staa ulikuwa umebakisha wiki tatu uwe haramu. Tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu nayo ikafuta uchaguzi wa rais wenyewe. Mfuko ukaenda, kura ikaenda, githeri ikabaki.

Tulicheka sana, na sisemi ilikuwa vibaya kucheka. Ile wiki ilikuwa na joto, na kicheko kilisaidia watu kupumua. Lakini kuna swali ambalo sikuona mtu akiuliza: kwa nini ilikuwa inachekesha? Angekuwa anakula sandwichi, hakuna mtu angejua jina lake. Ilichekesha kwa sababu ilikuwa githeri, na sote tulijua githeri ni chakula cha nani. Baada ya hapo watu wa mtandaoni wakazoea kuyaita magazeti na stesheni za TV "githeri media", na haikuwa sifa. Walimaanisha kitu rahisi, kitu cha ovyo, kitu cha kujaza tumbo bila maana.

Mimi nakula mimea peke yake. Sina nyama, sina maziwa, sina mayai, na githeri ndiyo inanibeba wiki nzima. Kwa hivyo hii mambo inanihusu. Nimekuja kuamini kwamba hakuna kumbukumbu ya historia ya Kenya iliyo wazi kama sufuria ya githeri. Ukiifunua unaona ni nani alichukua shamba, nani alipanga bei, nani aliamua mbegu gani ipandwe. Haikuanguka kutoka mbinguni ikawa chakula cha maskini. Kuna watu waliifanya hivyo.

Mgeni anayejifanya mwenyeji

Tuanze na kitu ambacho kitawaudhi wazee wa "chakula cha kiasili". Githeri ya kawaida, mahindi na maharagwe mekundu, ni mgeni. Yote mawili.

Mahindi yalizaliwa kusini mwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita. Wakulima wa huko walichukua nyasi fulani ya porini inayoitwa teosinti, yenye mbegu chache ngumu kama mawe, wakaichagua kizazi baada ya kizazi hadi ikawa gunzi. Maharagwe ya kawaida pia yanatoka Amerika, na watu wa Mexico walikuwa wakiyapanda shamba moja na mahindi, haragwe likipanda juu ya bua. Ukienda Murang'a ama Machakos leo utapata akina mama wamepanda vivyo hivyo.

Wareno ndio walioleta mahindi huku pwani, baada ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498. Na cheki jina: mahindi. Watu wa pwani walipoona nafaka ngeni imetoka baharini, wakaipa jina la India, kwa sababu vitu vingi vya baharini vilitoka huko. Nafaka ya Mexico, imeletwa na Wareno, imepewa jina la India, na leo mtu akikuambia ugali si chakula chetu mtapigana.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanakula nini? Mtama, wimbi, mawele, kunde, viazi vikuu, ndizi, na mboga za majani tele. Na kulikuwa na njahi, ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe kichwani. Njahi ilikuwa na heshima yake. Kwa Wakikuyu ilikuwa chakula cha mama aliyejifungua, na msimu wa mvua ndefu wenyewe unaitwa njahi. Hebu fikiria chakula ambacho kimepewa jina sawa na mvua. Hicho si chakula cha kujaza tumbo.

Njaa, kodi na posho

Mwisho wa miaka ya 1890 ulikuwa mbaya sana katika sehemu ya kati na mashariki ya nchi hii. Ng'ombe walikuwa wameisha kwa sotoka, kisha mvua ikakosa, kisha ndui ikaingia. Wakamba waliiita hiyo njaa Ngomanisye. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Jina hilo la pili linakuonyesha watu walikuwa wameanza kuunganisha mambo: wageni, reli, ugonjwa, njaa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, katikati ya hayo yote, na ikafika Kisumu mwaka 1901.

Baada ya njaa, mashamba mengi yalikuwa matupu kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa ama wamehama. Walowezi walipofika wakaambiwa hii ardhi haina mtu. Kisha ikaja kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa pesa, na pesa ilipatikana kwa kufanya kazi kwa mzungu. Ukifika kwa mzungu, ulilishwa nini? Posho. Unga wa mahindi, ratili 2 kwa siku, karibu kilo moja. Ndiyo maana hadi leo kisiagi cha mtaani watu wanakiita posho mill, na Uganda wanauita ugali wenyewe posho. Chakula cha taifa kimebeba jina la mgao wa kibarua.

Kwa nini mahindi na si mtama? Kwa sababu mahindi yanamfaa mwajiri. Hayali muda mwingi shambani ukilinganisha na kufukuza ndege kwenye mtama kutoka asubuhi hadi jioni. Yanasagika kwa mashine, yanapakika kwa gunia, yanapimika kwa kikombe. Walowezi nao walikuwa wanayalima kwa ajili ya kuuza nje. Na rangi? Wakati ule soko la Uingereza lilipenda mahindi meupe ya kutengenezea wanga, kwa hivyo walowezi wakaleta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, aina ya Hickory King. Polepole yale ya rangirangi yaliyokuwa vijijini yakaanza kupotea. Leo Mkenya akipewa unga wa njano anasema huo ni wa mifugo. Aki tulifundishwa kuchagua rangi ya ugali na viwanda vya London, na tumeshikilia hadi tumesahau nani alitufundisha.

Njahi nayo ilipatwa na hayo hayo. Serikali ya kikoloni ilitaka maharagwe ya kuuza nje, na wanunuzi walitaka aina walizozijua, kama Canadian Wonder, ile nyekundu. Njahi nyeusi haikuwa na soko huko. Basi akina mama, ambao ndio walikuwa wakulima, wakahimizwa kupanda nyekundu. Ardhi ilikuwa imepungua pia, na ukiwa na kipande kidogo unapanda kitu kinachokuletea pesa ya kodi. Hivyo ndivyo sufuria ilivyobadilika. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akasema "leo naacha njahi". Ilikuwa ni hesabu ya kila siku, na hesabu hiyo ilikuwa imepangwa na mtu mwingine.

Wanasayansi wanakuja kupima wala mboga

Hii sehemu ndiyo huwa inanimaliza. Mwaka 1931 wanasayansi wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walitoa ripoti iliyolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Wamasai walikuwa wanakula nyama, maziwa na damu. Wakikuyu walikuwa wanakula nafaka, kunde na viazi. Ripoti ikasema Wamasai ni warefu zaidi, wazito zaidi na wana nguvu zaidi, na Wakikuyu wana magonjwa mengi zaidi ya mifupa, meno na damu. Boyd Orr alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Huyo hakuwa mtu mdogo.

Kwa hivyo ukisikia mjomba wako akikuambia kwenye sherehe kwamba bila nyama utakonda ukufe, jua hiyo hoja ina miaka karibu mia, na ilipimwa kwa miili ya watu wetu.

Shida ya ile ripoti ni kwamba ilipima watu wakati mbaya. Wakikuyu wa miaka ya 1920 hawakuwa wanakula vile babu zao walikula. Walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi za ardhi, mbuzi hawana malisho, wimbi na njahi zimepungua, wanaume wako kwa mzungu wanakula posho tupu. Ukichukua mtu ambaye umemnyang'anya nusu ya sahani yake, kisha umpime, kisha useme ni mdhaifu kwa sababu hali nyama, umeruka hatua moja kubwa sana. Na hata ripoti yenyewe iliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikuwa wanakula majani mabichi yenye madini ya kalsiamu ambayo wanaume hawakuyagusa, kwa sababu mboga zilionekana ni mambo ya wanawake. Yaani jibu lilikuwa pale pale, kwenye chungu cha mama, na bado nyama ndiyo ikachukua sifa.

1944: jina linapatikana London

Twende mbele kidogo. Vita ya pili ya dunia imeanza, na mwaka 1942 serikali ya Kenya ikaweka mfumo wa kudhibiti mahindi. Iliamua nani anunue, nani auze, na kwa bei gani. Mkulima mzungu akahakikishiwa bei nzuri. Mkulima Mwafrika akalipwa kidogo kwa gunia la nafaka ileile. Kisha mvua ikakosa, na mwaka 1943 kukawa na njaa kali hadi serikali ikaunda tume kuchunguza upungufu wa chakula. Huko Kati watu waliiita Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, kwa sababu unga wa muhogo ndio uliopatikana.

Sasa mwezi wa Novemba 1944, huko Uingereza, jamaa anaitwa Donald Watson na wenzake wachache wakaanzisha chama cha watu wasiokula chochote cha mnyama. Walihitaji jina. Wakachukua neno "vegetarian", wakabeba herufi 3 za mwanzo na 2 za mwisho, wakapata "vegan". Ndiyo maana siku ya vegani duniani ni tarehe 1 Novemba.

Simchukii Watson. Alikuwa na sababu zake za kuwahurumia wanyama, na mimi pia ninazo. Lakini weka hizo tarehe mbili kando kwa kando. Mwaka mmoja watu wa Murang'a na Nyeri wanakula unga wa muhogo kwa sababu hakuna kingine. Mwaka unaofuata watu wa Uingereza wanaunda jina la kula mimea kwa hiari. Sahani zinaweza kufanana kabisa. Tofauti ni kwamba mmoja alichagua na mwingine alichaguliwa. Leo ukiingia mkahawa fulani wa Nairobi utapata githeri imepangwa kwenye bakuli la udongo, imewekewa parachichi na mbegu za ufuta, imepewa jina la Kizungu refu, na bei yake ingenunua maharagwe ya kulisha nyumba wiki nzima. Chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anaonekana amechagua.

Uhuru ulikuja, kibali kikabaki

Ungefikiria baada ya 1963 mambo yangebadilika haraka. Kuna mengine yalibadilika. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mbegu kutoka Ecuador, na wakulima wadogo wakaipokea kwa kasi. Mavuno yakapanda. Mahindi meupe yakawa mfalme kabisa.

Lakini ile mashine ya kudhibiti ilibaki, ila ilibadilisha wenyewe. Kwa miaka mingi hukuweza kusafirisha mahindi zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali cha serikali. Mahindi yalikuwa na kipande kama babu zetu. Wenye kibali walikuwa wanajulikana, na walikuwa wanajua watu. Kizuizi hicho kiliondolewa kabisa mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1984 ukame ulipiga hadi tukaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Huko Ukambani njaa hiyo ilipewa jina la Nikwa Ngwete: nitakufa nimeshika. Mtu ana pesa mkononi na hakuna cha kununua. Sijaona mchumi aliyeeleza uhaba kwa maneno machache hivyo.

Sasa rudi 2017 na utaona ile picha ya foleni kwa macho mengine. Mwaka huo kulikuwa na ukame, na pia viwavijeshi vamizi vilikuwa vimeingia kwenye mashamba, wadudu ambao nao wametoka Amerika kama mahindi yenyewe. Bei ya pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita Sh150. Mwezi Mei serikali ikaingiza ruzuku na pakiti ikashuka hadi Sh90. Meli ikatia nanga Mombasa na mahindi karibu tani 30,000. Kutoka wapi? Mexico. Watu mtandaoni wakaanza kuhesabu siku za safari na kuuliza hiyo meli ilikimbia aje. Mimi nilibaki na jambo lingine: baada ya miaka mia tano, tulirudi kuomba mahindi kwao.

Kura ilikuwa Agosti.

Kisha 2022. Unga umepita Sh200. Tarehe 20 Julai Rais anatangaza utauzwa Sh100. Kura ni tarehe 9 Agosti, wiki tatu hazijaisha. Septemba rais mpya anaapishwa, na katika hotuba yake anasema ruzuku ya unga ni mzigo na haifanyi kazi. Imeenda.

Mimi sibishani kuhusu ruzuku yenyewe. Kuna wachumi wazuri wanaosema ni pesa zinazopotea mikononi mwa wenye viwanda, na wengine wanasema mtu mwenye njaa leo hawezi kungoja mbolea ya msimu ujao. Wote wana hoja. Ninachosema ni kwamba njaa haina kalenda ya uchaguzi, lakini huruma yetu ya serikali inayo. Mtu anayekula githeri kwenye foleni ya kura anajua hilo kuliko mtu yeyote. Githeri huwa inapikwa kwa mahindi na maharagwe mazima, haihitaji pakiti ya kiwandani. Unga ukipanda bei, watu wengi hurudi kwa githeri. Kwa hivyo jamaa wa ile picha alikuwa anakula jibu la bei ya unga, na sisi tulikuwa tunacheka jibu.

Kila msimu na wimbo wake

Kenya ni nchi ambayo ukitaka kujua siasa imefika wapi, unasikiliza kinachochezwa kwa matatu. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", NARC ikaichukua ikawa wimbo wa kampeni, na KANU ikatoka baada ya karibu miaka 40. Mwaka 2024 ilikuwa "Anguka Nayo" ya Wadagliz, wimbo wa kuruka na kujifurahisha, ambao vijana waliubeba hadi barabarani ukawa wimbo wa maandamano.

Na maandamano hayo yalikuwa juu ya nini? Watu wanasema Mswada wa Fedha, sawa. Fungua huo mswada uone kilichowasha moto mapema: ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga. Mkate na mafuta ya kupikia. Chakula cha mtu ambaye hata mayai ni ya siku maalum. Tarehe 18 Juni hizo mbili zikaondolewa, lakini watu walikuwa wameshaona mkono ulikuwa unaelekea wapi. Tarehe 25 Juni vijana wakafika Bungeni, wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2023, watu walikuwa wameandamana na sufuria kichwani. Wengine walicheka hizo picha vile walicheka 2017. Sufuria ilikuwa kofia ya kujikinga, ilikuwa ngoma ya kupiga, na ilikuwa ushahidi: tazama, haina kitu ndani. Ukiangalia vizuri, sufuria ile na karatasi ile ya githeri zinasema jambo moja.

Sasa tupike

Najua wengine mmekuja kwa ajili ya chakula, kwa hivyo wacha nimalize jikoni, na hapa pia kuna historia.

Githeri inafanya kazi mwilini kwa sababu ya mchanganyiko. Mahindi yamepungukiwa na asidi amino inayoitwa laisini. Maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukiyaweka pamoja unapata protini iliyokamilika vizuri bila mnyama yeyote. Wale mama wa Mexico hawakuwa na maabara, na nyanya zetu pia hawakuwa nayo. Walijua tu kwamba mtoto akila vyote viwili anasimama.

Kuna kitu kimoja ambacho mahindi yalikiacha Mexico wakati yanasafiri. Huko watu huchemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na hiyo chokaa hufungulia vitamini ya niasini ambayo mwili hauwezi kuipata kwa urahisi kutoka kwa mahindi matupu. Wazungu walibeba mbegu wakaacha mapishi, na maskini wa Italia na wa kusini mwa Marekani waliokula mahindi kila siku wakapata ugonjwa wa pelagra. Sisi githeri ilituokoa kiasi, kwa sababu maharagwe na mboga huongeza kile mahindi yamekosa. Posho tupu ndiyo ilikuwa hatari.

Kwa hivyo yangu napika hivi. Maharagwe nayaloweka usiku, asubuhi nayamwagia maji mapya. Mahindi makavu nayachemsha kwanza, kwa sababu yanachelewa kuiva. Kukiwa na haraka natia magadi kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko, ukizidisha ladha inakuwa ya sabuni. Vikishaiva, nakaanga kitunguu hadi kiwe rangi ya dhahabu, natia kitunguu saumu, nyanya, binzari, dania mwisho. Siku nikijisikia wa pwani namwaga tui zito la nazi na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Managu ama terere kando, isiyochemshwa hadi ikafa. Na mara moja kwa mwezi naweka njahi badala ya maharagwe mekundu. Ni ghali kidogo sokoni, inachukua muda kuiva, supu yake inakuwa nyeusi kama wino. Lakini napenda kuirudisha kwenye sufuria ambayo ilifukuzwa.

Wakamba watasema muthokoi ni bora kwa sababu maganda yametolewa. Waluo wana nyoyo, Waluhya wana maenjera, pwani kuna pure, na ukivuka mpaka Tanzania utaambiwa ni makande. Hakuna sehemu ya nchi hii ambayo haina jina la hiki chakula. Ndiyo maana nashindwa kuelewa vile kilivyogeuka kuwa tusi.

Sitaki mtu aache kucheka. Lakini 2027 inakuja, na kampeni huwa hazichelewi kufika sokoni. Mkiona pakiti ya unga imeshuka ghafla katikati ya mwaka, msikatae kununua, nunueni, mna haki. Ila ulizeni bei itakuwa ngapi Oktoba. Ulizeni wale wanaolima huko Trans Nzoia wanalipwa ngapi kwa gunia, na ni nani anayeamua hiyo bei. Na mkiona tena mtu amesimama kwenye foleni na chakula chake mkononi, kabla ya kutoa simu mumpige picha, muulizeni kama anataka mtu amshikie nafasi akae chini ale.

Kwenu mnaiita aje, na nani huipika vizuri zaidi? Niambieni, na msiniletee stori ya wadudu wa shule ya bweni, hizo sote tunazo.